Umeandikiwa tramadoli na daktari: uendeshe gari au umpe mwingine funguo?

#1 Kigingi
Habari wakuu. Niende moja kwa moja. Nina tatizo la pingili za mgongo, maumivu yanashuka mpaka mguu wa kulia, daktari kaniandikia tramadoli. Boksi limeandikwa kabisa kwamba dawa inaweza kusinzisha, usiendeshe gari wala mitambo. Nikamuuliza daktari, akasema siku za mwanzo pumzika, mwili ukishazoea utaendesha. Nikaenda kuchukua dawa, mfamasia akaniambia maadam unameza hii kitu usiguse usukani, kwisha. Sasa wote wawili wamesomea, na mimi kazi yangu ni kusambaza vipuri, siku nzima nipo barabarani. Najisikia kawaida tu, sisinzii, ila mke wangu anasema nimekuwa mzito kujibu nikiulizwa kitu. Nimsikilize nani? Naomba walioishi na hii hali au wanaoijua vizuri.

#2 Tairi_Bichi
Maboksi huwa yanaandikwa hivyo yote mkuu, hata dawa ya mafua ina onyo hilohilo. Watengenezaji wanajikinga wasishtakiwe. Mimi ningeendesha.

#3 Nesi wa Zamu
Tairi_Bichi, hizo dawa za mafua na aleji za zamani zinalaza kweli, kwa hiyo mfano wako unamsaidia mfamasia wala haukusaidii wewe.

#4 Bonde la Juu
Nimekaa mbele kabisa, waje wataalamu.

#5 Nesi wa Zamu
Mkuu Kigingi, nakujibu kwa urefu kidogo maana hili swali naulizwa karibu kila zamu.

Mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni, fentanili, methadoni, zote hizo ni ukoo mmoja, opioidi. Zinakwenda kukaa kwenye vipokezi vilivyopo kwenye ubongo na uti wa mgongo zinapunguza ishara ya maumivu. Tatizo vipokezi hivyohivyo vipo pia kwenye sehemu zinazokufanya uwe macho na zinazoendesha pumzi. Ndo maana mtu anasinzia, anachelewa kuitikia, kichwa kinakuwa kizito, wengine kizunguzungu na kichefuchefu. Na tramadoli ina ziada yake, inagusa pia serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo za kupeleka ishara, kwa hiyo mtu anaweza asisinzie kabisa ila akawa na kizunguzungu, na dozi ikiwa kubwa au ikichanganywa vibaya inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa.

Alichosema daktari kina ukweli. Wengi usingizi unapungua mwili ukizoea dozi ileile, inachukua siku kadhaa mpaka wiki hivi. Ila siyo kila kitu kinazoeleka. Choo kigumu hakizoeleki. Mboni ya jicho kusinyaa haizoeleki sana pia, na mboni ikisinyaa mwanga unaoingia ni kidogo, mchana huoni tofauti, usiku kwenye barabara isiyo na taa ndo utajua.

Na kuzoea ni kwa dozi ileile. Ukiongezewa, unaanza upya.

#6 Tela Refu
Mimi ni dereva wa lori, safari ndefu. Naomba nilete upande ambao watu wa dawa huwa hawausemi. Maumivu yenyewe ni hatari. Nimewahi kuendesha na shingo iliyokaza bila dawa yoyote, kuangalia kioo cha pembeni ilikuwa mpaka nizungushe mwili mzima, usiku silali kwa maumivu, asubuhi nipo kwenye usukani macho mekundu. Wakati huo hakuna boksi lililonikataza wala askari wa kunikamata. Baadaye nikapewa dawa nikaanza kulala usiku na kugeuza shingo. Sasa niambieni yupi alikuwa dereva mbaya, yule wa kwanza au wa pili?

Tena mleta mada kasema maumivu yanashuka mguu wa kulia. Huo ndo mguu wa breki. Siku ukikanyaga ghafla na umeme ukapita hapo mguu unaweza kugoma kabisa. Mnajadili dawa wakati mguu wenyewe haujaulizwa.

#7 Nesi wa Zamu
Tela Refu hapo kwenye mguu umegusa jambo zito. Hata bila kidonge, mtu asiyeweza kukanyaga breki ya dharura bila kusita hatakiwi kuendesha.

#8 dada_mdogo
Mimi kaka yangu tulimpoteza kwa ajali. Alikuwa anatumia dawa ya maumivu baada ya operesheni ya goti na hakuwa na shida yoyote, aliendesha wiki kadhaa vizuri tu. Siku ile usiku uliotangulia hakulala, akapewa na mtu kidonge cha usingizi, asubuhi akameza ya maumivu kama kawaida akatoka. Barabara ilikuwa nyoofu na kavu, hakukuwa na gari mbele yake, alitoka tu kwenye leni taratibu. Hapakuwa na alama za breki. Hili la alama za breki huwa sina amani nalo mpaka leo. Naandika ili Kigingi ajue kwamba wiki kadhaa za kuendesha vizuri hazikuambii siku ya kesho itakuwaje ukiongeza kitu kingine juu yake.

#9 Kigingi
Pole sana dada. Nashukuru umeandika.

#10 Mfamasia Mtaani
Pole dada_mdogo. Alichoeleza hapo ndo sababu wenzangu tunakuwa wakali dirishani. Opioidi na dawa za jamii ya diazepamu, vidonge vya usingizi, au pombe, zikikutana hazijumlishwi tu, zinasukumana, usingizi na pumzi vyote vinashuka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa za opioidi na za benzodiazepini (ndo hiyo jamii ya diazepamu) ziwekewe onyo la kiwango cha juu kabisa kuhusu kutumiwa pamoja. Ongeza kwenye orodha pregabalini na gabapentini ambazo watu wa mgongo na mishipa wanapewa sana, na hizo aleji za zamani alizosema Nesi. Kigingi, unatumia nini kingine?

#11 Hesabu Kali
Mbona mnazunguka sana, hii ni hesabu ndogo. Tramadoli muda wake ni masaa sita. Unameza saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku imeisha, asubuhi upo safi unaendesha. Tatizo liko wapi?

#12 Mfamasia Mtaani
#11 hapana mkuu. Masaa sita hivi ni muda wa dawa kupungua NUSU. Masaa sita mengine inabaki robo, mengine inabaki moja ya nane. Kwa kawaida tunahesabu mizunguko kama mitano ndo tuseme imekwisha mwilini, ambayo ni zaidi ya siku nzima kwa tramadoli. Halafu ini linaigeuza kuwa kitu kingine tunakiita M1, chenye nguvu zaidi kwenye vile vipokezi kuliko tramadoli yenyewe, na hicho kinakaa zaidi kidogo. Na hapo nazungumzia kidonge cha kawaida. Vipo vidonge vya kuachia dawa polepole masaa 12 au 24, hivyo hesabu yake nyingine kabisa. Mzee au mwenye figo au ini dhaifu, inakaa muda mrefu zaidi.

#13 Hesabu Kali
Sawa lakini kuwepo mwilini siyo sawa na kukuathiri. Robo ya dozi haiwezi kumlaza mtu.

#14 Mfamasia Mtaani
Hilo ni kweli kwa watu wengi. Ila anayemeza asubuhi, mchana na jioni haifiki robo, kabla haijashuka anaongeza nyingine.

#15 Pikipiki Taratibu
Mleta mada kimya kingi, isije kuwa keshalala 😅

#16 Kigingi
Nipo mkuu nasoma 😂. Mfamasia, natumia ya kuachia polepole asubuhi na jioni, na usiku naongeza amitriptilini ndogo, daktari alisema inasaidia mishipa.

#17 Nesi wa Zamu
Amitriptilini nayo inalaza, na uzito wake unaweza kuendelea mpaka asubuhi. Tena yenyewe na tramadoli zote zinapandisha serotonini, na amitriptilini inaongeza hatari ya ile degedege niliyosema #5. Haina maana uache, wagonjwa wengi wanapewa zote mbili kwa dozi ndogo chini ya uangalizi, ila hakikisha daktari ANAJUA unaendesha kutwa nzima. Ulimwambia kazi yako ni nini au uliuliza tu kama unaweza kuendesha? Kwa mtu wa kwenda dukani na kurudi na mtu wa masaa nane barabarani jibu ni tofauti.

#18 Kigingi
Niliuliza tu kuendesha. Sikufafanua kazi.

#19 Sheria Kwanza
Nichangie upande wa sheria maana watu wanadhani cheti cha daktari ni kinga. Nchi nyingi sheria haiulizi dawa umeipata wapi, inauliza kama umelemaa uwezo wa kuendesha.

Mfano Uingereza, kwenye maeneo ya England na Wales, tangu tarehe 2 Machi 2015 wana viwango vya dawa kwenye damu. Mofini ni mikrogramu 80 kwa lita, methadoni 500, diazepamu 550. Ukizidi hapo ni kosa hata kama hukuyumba. Lakini wamempa mgonjwa utetezi: kama uliandikiwa dawa kihalali, umeitumia kama ulivyoelekezwa, na uendeshaji wako haukuathirika, unaweza kujitetea, ndo maana watu kule wanashauriwa watembee na karatasi ya dawa. Ila ile kosa la zamani la kuendesha ukiwa umeathirika lipo palepale, na hapo cheti hakikuokoi. Norwei nao waliweka viwango vyao mwaka 2012.

Ufaransa wamefanya kitu ninachokipenda, boksi la dawa lina picha ya gari ndani ya pembetatu, rangi tatu. Njano inakwambia soma karatasi kwanza, chungwa usiendeshe bila kumuuliza mtaalamu, nyekundu usiendeshe kabisa mpaka daktari akuruhusu. Mtu anaelewa bila kusoma maandishi madogo.

#20 Tairi_Bichi
Kumbe basi hata wazungu wanaruhusu. Si nilisema.

#21 Sheria Kwanza
Tairi_Bichi soma tena #19, masharti matatu yote kwa pamoja, na la tatu ndo linaangusha watu.

#22 Shuka Jeupe
Wakuu mimi natumia mofini ya vidonge kwa sababu ya saratani, muda mrefu sasa, dozi haijabadilika. Naendesha. Daktari wangu wa tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito) anajua, tuliongea, tukapanga. Siku za mwanzo sikuendesha kabisa. Walipopandisha dozi nikaacha tena mpaka kichwa kikatulia. Usiku siendeshi, safari ndefu siendeshi, na nikiona leo siko sawa nampigia mtu. Inaniuma nikisoma watu wanaandika "usiguse usukani, kwisha". Kuna watu gari ndo linawafikisha kliniki na kazini, ukiwanyang'anya hilo umewafungia ndani na ugonjwa wao.

Na siyo maneno yangu tu. Kuna utafiti wa Finland uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1995, waliwapima wagonjwa wa saratani wanaotumia mofini kila siku kwa dozi iliyotulia, wakawalinganisha na wagonjwa wa saratani wasio na maumivu na wasiotumia. Tofauti kwenye uwezo unaohusu kuendesha ilikuwa ndogo.

#23 Mfamasia Mtaani
Nakuombea nguvu Shuka Jeupe, na namna ulivyojipangia ni ya mfano. Ila huo utafiti ulikuwa na watu wachache, kama 24 hivi kila upande, wametulia, wanapimwa kwenye chumba. Weka pembeni yake ule wa Ontario, Kanada, wa 2013, waliangalia maelfu ya watumiaji wa opioidi. Kati ya madereva, waliokuwa kwenye dozi kubwa kidogo walikuwa na uwezekano wa kuumia ajalini zaidi ya wale wa dozi ndogo sana, kiasi cha asilimia 20 mpaka 40 na ushee. Na Marekani 2019 ukatoka mwingine kuhusu ajali za vifo za magari mawili, madereva waliokutwa na opioidi walikuwa karibu mara mbili ya wenzao kuwa ndio walioanzisha ajali, na kosa lililoongoza ni kutoka kwenye leni.

#24 dada_mdogo
Kutoka kwenye leni.

#25 Tela Refu
Mfamasia nina swali la haki. Hao wa dozi kubwa si ndo wenye maumivu makubwa na wasiolala? Utajuaje ni dawa na siyo ugonjwa? Na hao wa 2019 waliokutwa na opioidi, ilikuwa ya cheti au ya mtaani, na pombe je?

#26 Mfamasia Mtaani
Pombe waliiweka kwenye hesabu. Ya cheti au ya mtaani kipimo cha damu hakisemi. La maumivu una haki, kutenganisha maumivu na dawa yake ni kazi ngumu, wale wa Ontario ndo maana walilinganisha watumiaji kwa watumiaji na siyo watumiaji na wazima.

#27 Tela Refu
Basi na hoja yangu ihesabiwe.

#28 Kimya Kingi
Mimi kodeini naimeza kama maji, hainifanyi chochote, wala maumivu haiondoi sana. Mdogo wangu baba mmoja mama mmoja alimeza kidonge kimoja akalala mpaka jioni. Hii mnaielezaje? Maana mnaongea kama watu wote miili yetu ni mmoja.

#29 Nesi wa Zamu
Swali zuri. Kodeini yenyewe ni dhaifu, inategemea ini liigeuze kuwa mofini kwa kimeng'enya kinaitwa CYP2D6. Kuna watu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi, hao kodeini haiwasaidii kitu. Kuna wengine wamerithi nakala za ziada za jeni hiyo, wanaigeuza haraka na kwa wingi, dozi ya kawaida inawalevya. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa. Tramadoli nayo inapita njia hiyohiyo kutengeneza ile M1. Marekani mwaka 2017 walikataza kodeini na tramadoli kwa maumivu ya watoto chini ya miaka 12, na sababu kubwa ni hiyo ya wanaogeuza haraka. Hao wanaogeuza haraka wapo wengi zaidi Ethiopia na kaskazini mwa Afrika kuliko Ulaya ya kaskazini.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi niliendesha na hamna kitu", anakuelezea ini lake.

#30 Pikipiki Taratibu
Tairi_Bichi unaitwa na ini lako huku 😂

#31 Tairi_Bichi
Nacheka ila nawasikia. Kwangu bado mtu mzima anajijua. Kama upo sawa unajua upo sawa.

#32 Hesabu Kali
Hapo ndo sikubali, na hii hesabu mtanipa. Gari likiwa kilomita 100 kwa saa linakula mita karibu 28 kila sekunde. Mtu akisinzia sekunde nne tu, ule usingizi wa kufumba na kufumbua ambao mwenyewe hata hakumbuki, gari limekwenda zaidi ya mita 110 halina dereva. Na mtu huyo ukimsimamisha akiamka atakuapia hajalala. Sasa unajijuaje?

#33 Tairi_Bichi
Si kuna programu za simu za kupima wepesi, unagusa skrini taa ikiwaka. Unajipima kabla ya kutoka.

#34 Nesi wa Zamu
Kile kipimo kinachukua dakika moja mbili, na karibu kila mtu anaweza kujikaza dakika mbili. Barabara inakudai umakini saa zima bila kitu chochote kutokea, halafu ghafla mtoto anavuka. Kigingi #1 alishatoa kipimo bora kuliko cha simu, mke wake. Yeye kaona uzito ambao Kigingi mwenyewe hauoni.

#35 Bonde la Juu
Ila wake zetu nao mkuu, hata bila tramadoli tunaambiwa hatujibu haraka 😅

#36 Nesi wa Zamu
Haha. Lakini kama ameanza kusema baada ya dawa na hakusema kabla, mpe sikio.

#37 Shuka Jeupe
Niongeze kitu kuhusu plasta za fentanili kwa wanaotumia, maana nilikuwa nazo kabla ya vidonge. Plasta inakaa siku tatu na inaachia dawa kupitia ngozi, na JOTO linaiharakisha. Kiti cha gari chenye hita, chupa ya maji ya moto, homa, kukaa juani kwenye gari lililofungwa vioo, vyote vinaweza kukupandishia dawa bila wewe kumeza chochote. Mimi nilielezwa na nesi mmoja mzuri sana nikazima hita ya kiti moja kwa moja. Na ukiibandua usidhani umepona hapohapo, dawa imejihifadhi kwenye ngozi, inachukua masaa 17 au zaidi kupungua nusu.

#38 Mfamasia Mtaani
Sahihi kabisa, na wengi hawaambiwi. Methadoni nayo ina mtego wake, muda wake wa kupungua nusu unatofautiana mno, masaa 8 kwa mmoja na zaidi ya masaa 50 kwa mwingine, kwa hiyo siku za mwanzo inajilimbikiza. Mtu anakuwa mzima siku ya pili, ya nne analewa, na dozi ni ileile.

#39 Kimya Kingi
Na wanaoruka dozi siku ya safari? Mimi mfanyakazi mwenzangu anafanya hivyo, siku akiendesha hamezi.

#40 Tela Refu
Huyo anarudi palepale nilipoanzia #6, anaendesha na maumivu.

#41 Nesi wa Zamu
Na kama ametumia muda mrefu anaweza kuingia arosto katikati ya barabara. Miayo, jasho, makamasi, tumbo linakata, mwili hautulii, mawazo yote yako kwenye kufika. Huyo siyo dereva salama kuliko aliyemeza. Kisha akirudi kumeza, kama ameacha siku kadhaa, ule uvumilivu wa mwili umeshuka, dozi iliyokuwa haimlazi sasa inamlaza. Kuruka bila daktari ni kujipa matatizo mawili.

#42 Hesabu Kali
Kwa hiyo akimeza hatari, akiacha hatari, akipunguza hatari. Mtu afanye nini sasa?

#43 Kigingi
Wakuu nimerudi kwa daktari, nikamweleza kazi yangu vizuri na amitriptilini na maneno ya mke wangu. Alinipima mguu kwanza, akaniambia nikanyage mkono wake kwa nguvu kama breki, akakuta nguvu ipo ila inachelewa. Tramadoli ameipunguza na ameniandikia mazoezi ya mgongo, amitriptilini nimeze mapema zaidi jioni ili isifike asubuhi. Kuhusu kuendesha kasema nisubiri mpaka nimwone tena, na siyo kwa ajili ya dawa tu, mguu pia. Bosi nimemweleza, hakufurahi, ila kaniweka stoo kwa sasa.

Mfamasia niliyempa taarifa hii bado anasema tramadoli na usukani hapana. Daktari anasema tutaona. Kwa hiyo kwenye hilo bado hawajakubaliana 😀

#44 dada_mdogo
Nimefurahi sana Kigingi. Asante kwa kurudi kutuambia.

#45 Pikipiki Taratibu
Bosi kumwambia ni sawa kila mahali? Mimi nilimwambia wangu, kuanzia hapo nikaanza kuangaliwa kama mlevi wakati natumia dawa ya cheti. Siku ya pili wenzangu walishajua.

#46 Sheria Kwanza
Inategemea na mkataba. Kama kazi yako yenyewe ni kuendesha, ukificha na ajali ikatokea, mwajiri na bima wote wana pa kuanzia. Mwambie daktari aandike tu kwamba kwa kipindi fulani hufai kuendesha, bila jina la dawa wala ugonjwa. Bosi anahitaji kujua kama unaweza kazi, hahitaji kujua unameza nini.

#47 Pikipiki Taratibu
Hii ningeijua mapema. Asante mkuu.

#48 Fungu la Tatu
Samahani nimeingia mwishoni. Mimi nina dozi yangu ya kila siku nimeizoea na daktari ameniruhusu kuendesha, ila nina vidonge vya akiba vya mofini vya haraka kwa ajili ya maumivu yakilipuka. Yakilipuka nikiwa njiani peke yangu, nafanyaje?

#49 Nesi wa Zamu
Kile cha akiba ni dozi mpya juu ya uliyoizoea, ruhusa ya daktari haikihesabu kile. Paki kwanza, ndo umeze. Mofini ya haraka inapanda ndani ya saa moja hivi na inaendelea masaa kama manne, kwa hiyo usimeze halafu ukasema nitawahi kufika kabla haijashika. Bora ulipangie na daktari kabla, kwamba ikitokea njiani nani anakufuata.

#50 Tairi_Bichi
Masaa manne pembeni ya barabara na maumivu, kiuhalisia nani atakaa? Mtu atameza na atasogeza gari.

#51 Tela Refu
Mimi nimekaa, zaidi ya mara moja. Nilifunga milango nikampigia anayesubiri mzigo nikamwambia nitachelewa, akagomba, nikalala. Fungu la Tatu, weka namba ya mtu wa kukufuata kwenye simu kabla hujawasha gari, na kama safari ni ya sehemu ambayo hakuna wa kukufuata basi hiyo safari mwachie mwingine.

#52 Fungu la Tatu
Wa kunifuata yupo, shida hana leseni. Kuna anayejua kama kliniki za maumivu huwa zinapanga usafiri kwa wagonjwa wa aina yetu?